Nyumba Zilizokwanguliwa Ubaoni

Misheni ya Ghuba ya Tessier,
14 Septemba 1948

Bwana Lockridge,

Huenda umenisahau, nami sitakulaumu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yangu ilikuwa kukuletea maji ya kuoshea brashi. Mimi ni Agathe, binti wa Rosalie Shawanda wa Ziwa Corrigan. Kiangazi cha 1913 ulikaa kwetu siku kumi na moja. Ulilala katika hema lako karibu na gati letu, ukala kwetu, na mama akakuita Bwana Rangi kwa sababu hata ndevu zako zilikuwa na buluu. Siku ya kuondoka alikupa samaki wa kukaushwa kwa moshi na viatu vya ngozi alivyovishona mwenyewe.

Mama yu hai. Ana miaka themanini na miwili na kifua kimemwisha. Daktari wa misheni amesema asitarajie kuona majani mapya. Kufa hakumwogopeshi. Anataka jambo moja tu: azikwe Ziwa Corrigan, kando ya mdogo wangu Ambroise, aliyekufa kwa kifaduro mwaka 1909 akiwa na miaka minne. "Nilimwacha mara moja walipotutoa," anasema. "Sitamwacha mara ya pili."

Walitutoa mwaka 1922, ilipotangazwa Hifadhi. Mashua mbili zilitubeba, na nyumba zetu tano zikachomwa moto wiki ileile. Kanuni ya Ofisi ya Hifadhi inasema hakuna mtu kuzikwa ndani, isipokuwa kando ya kaburi la jamaa yake lililokuwapo kabla. Lakini daftari lao linasema pale hapakuwahi kuishi mtu. Nilikwenda kwa karani wao, Bwana Pruitt. Juu ya meza yake ametundika picha yako, *Asubuhi ya Kwanza*.

"Mama," akaniambia, "unaiona picha hii?"

"Naiona."

"Ndilo ziwa lenyewe?"

"Ndilo."

"Haya, nionyeshe nyumba yenu. Iko nyuma ya msonobari upi?"

Vijana wawili waliokuwa wakipiga mihuri wakacheka. Nami ningecheka, kama jambo lenyewe lingekuwa la mtu mwingine.

Bwana Lockridge, najua ulizichora nyumba zetu. Nilisimama nyuma yako. Ulikuwa na ubao mdogo wa kutosha mapajani, na ulimwambia mama asilianue blanketi jekundu mpaka umalize. Kama ubao huo unao, tutumie. Kama huna, andika hati ya kiapo kwamba ulituona. Kuhusu kaburi sina haja ya kukueleza. Mama anasema hakuna mgeni anayelijua kama wewe.

Ni mimi,
Agathe Shawanda

---

Toronto,
2 Oktoba 1948

Binti yangu Agathe,

Barua yako imenikuta nikiandaa hotuba. Mwezi wa Machi *Asubuhi ya Kwanza* itafanyiwa sherehe katika jumba la picha, kisha nakala mpya zitapelekwa katika kila shule ya nchi hii. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu, uniwie radhi.

Nakukumbuka, na mama yako namkumbuka zaidi. Viatu vile nilivivaa hadi vikatoboka.

Niruhusu nikueleze jambo, maana nimefundisha miaka mingi na mazoea hayaachi. Nilipokuwa kijana, nchi hii haikuwa na sura. Kuta za matajiri wetu zilijaa picha za ng'ombe wa Uingereza wakinywa maji chini ya miti ya Uingereza. Mtoto wa hapa alikua akiamini kwamba uzuri uko ng'ambo ya bahari, na kwamba miamba yetu na misonobari yetu iliyopindwa na upepo ni makosa ya Mungu. Sisi vijana wachache tulikataa. Tulibeba visanduku vya rangi tukaenda kaskazini, tukachora kile kilichokuwa kinadharauliwa. Mwaka 1914 watu waliiona picha yangu wakaitambua nchi yao. Miezi michache baadaye vita vikaanza, na vijana wetu wakaibeba mifukoni, imechapwa kwenye kadi, hadi kwenye mahandaki ya Ufaransa. Mama mmoja aliyefiwa na wana wawili aliniandikia: "Sasa najua walikufa kwa ajili ya nini." Barua hiyo ninayo.

Kwa hiyo picha ile si yangu tena, wala si ramani. Mchoraji huchagua. Kwamba kitu hakimo pichani haina maana kwamba hakikuwapo, na karani mwenye akili angelijua hilo bila kiapo changu.

Kuhusu ubao, vibao vya wakati ule vingi vimepotea. Na kama utapokea ushauri wa mzee, mzike mama yako hapo misheni, mahali utakapoweza kumtembelea. Marehemu hawachagui mandhari.

Nakutumia nakala ya picha, nimeitia sahihi kwa ajili yenu.

Wako kwa heri,
Ewart Lockridge

---

Ghuba ya Tessier,
19 Oktoba 1948

Bwana Lockridge,

Usiniite binti yangu. Nina miaka arobaini na tisa na wajukuu watatu, na yule ambaye mimi ni binti yake yuko kitandani chumba cha pili, anakohoa.

Nakala tumeipokea. Mama alitaka kuiona. Alivaa miwani, akaishika karibu na dirisha.

"Ni pazuri," akasema.

"Ni kwetu, mama."

"Si kwetu. Kwetu kulikuwa na moshi." Akageuza karatasi, akaangalia mgongoni kana kwamba labda tuko upande wa pili. "Yule bwana alikula samaki wangu siku kumi na moja, halafu akarudi kwao akachora msonobari?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie msonobari huo ndio niliofungia kamba ya nguo." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa damu kidogo.

Nakuuliza mambo mawili, unijibu kwa maneno machache, bila kunifundisha. Unasema mchoraji huchagua. Kwa nini ulichagua tusiwepo? Na unasema vibao vingi vimepotea. Cha kwetu ni kimoja katika hivyo vingi?

Jambo la tatu si swali. Umeandika kwamba marehemu hawachagui. Huyu bado yu hai, na amechagua.

Agathe Shawanda

---

Toronto,
30 Novemba 1948

Bibi Agathe,

Nimeandika barua hii mara nne.

Ubao haukupotea. Nilirudi kutoka kwenu na vibao thelathini na kimoja. Kawaida yetu ilikuwa hiyo: kiangazi tunachora vibao vidogo nje, wakati wa baridi tunakaa chumbani na kukuza kimoja au viwili kwenye turubai kubwa. Ule wa kwenu ulikuwa bora kuliko vyote. Mkubwa wetu sisi wachoraji, mtu niliyemheshimu kuliko baba yangu, alikuja kuuona. Alisimama, akavuta kiko chake, akaniambia: "Ondoa hivyo vibanda, Ewart."

Nikasema, "Lakini ndivyo vilivyokuwa."

"Ukiviacha, ni kijiji cha mtu fulani. Ukiviondoa, ni nchi ya kila mtu."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano na sikuwa nimeuza picha hata moja. Mbao zilikuwa ghali, nasi tulizoea kukwangua rangi tusiyoitaka kwa kisu na kutumia ubao upya. Nikachukua kisu. Nilikwangua nyumba moja baada ya nyingine, kisha kamba ya nguo, kisha blanketi. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Palipokuwa na nyumba nikapaka mwamba, palipokuwa na moshi nikapaka ukungu. Watu husifu sana ukungu ule.

Ubao ninao hapa mezani. Ukiuinamisha kwenye mwanga, mikwaruzo ya kisu inaonekana, lakini mikwaruzo si nyumba. Karani wako hataona kitu.

Kiapo nitakiandika. Naomba tu univumilie mpaka sherehe ya Machi ipite. Jumba la picha, shule, yule mama wa wana wawili, wote hao siwezi kuwaambia ghafla kwamba asubuhi ile ya kwanza ilikuwa na watu wanaokaanga mkate. Nilitaka kusema kwamba si woga. Nimelifuta neno hilo mara tatu, na nimeona bora niliache: ni woga.

Msalimie mama yako.

E. Lockridge

---

Ghuba ya Tessier,
16 Januari 1949

Bwana Lockridge,

Salamu zako hazikumfikia. Barua zilikwama kwa theluji wiki tano, na mama alifariki tarehe sita, siku ya sikukuu ya Mamajusi, kabla ya uji wa asubuhi. Alikuwa ameniuliza kila Jumamosi, siku ya posta, "Bwana Rangi amejibu?" Nami kila Jumamosi nikasema njia ni mbaya. Mara ya mwisho akasema, "Njia ya kuja kwetu alikuwa anaijua."

Ardhi huku ni jiwe sasa, shoka linarudi juu. Kwa hiyo tumemlaza katika nyumba ya maiti nyuma ya kanisa, pamoja na wengine watatu waliofariki baada ya Noeli, wangoje udongo uyeyuke. Padri ameniambia wazi: wiki ya mwisho ya Mei kila aliyemo lazima awe ardhini, hapa au kwingine. Joto halimngoji mtu.

Basi mpaka Mei. Nilidhani kifo kitafunga shauri hili, kumbe baridi imetuongezea miezi minne. Mama amekupa muda ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Ngoja sherehe yako kama utaweza.

Agathe

---

Toronto,
31 Januari 1949

Bibi Agathe,

Sikungoja. Nilipokea barua yako Jumatano, na Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa kwa wakili. Pole yangu nimejaribu kuiandika hapa na haikai sawa. Nitaileta kwa njia nyingine, kwa kazi.

Hati ina kurasa sita na nimeapa. Wakili aliniambia, "Mzee, usiwape hisia, wape vitu. Kitu kidogo huaminika kuliko neno kubwa." Nikakaa ofisini kwake mchana mzima nimefumba macho, naye akiandika. Nimetaja nyumba tano na milango ilikotazama, gati, mitumbwi miwili ya gome, jiko la nje, banda la kukaushia samaki, na kila kidogo nilichokiona kwenye uwanja wenu. Nimetaja blanketi. Nimeeleza kisu na ubao, na kwamba picha inayoning'inia juu ya meza yao ilifanywa tupu kwa mkono wangu. Kaburi pia nimeliandika, usiwe na wasiwasi.

Nimewaandikia na watu wa jumba la picha kwamba siku ya sherehe nitasema hayohayo. Mkurugenzi alinipigia simu. "Bwana Lockridge, kwa nini sasa?" Nikamwambia kuna mtu anangoja nje kwenye baridi. Akafikiri ni mgeni wangu, akasema nimkaribishe ndani.

Ewart Lockridge

---

Ghuba ya Tessier,
20 Machi 1949

Bwana Lockridge,

Leo nimeitwa ofisini. Safari hii Bwana Pruitt alinyanyuka.

"Keti, mama. Chai?"

Mwaka mzima namjua mtu huyu, sikujua kama ana birika.

Hati yako ilikuwa mezani, imepigwa mihuri mitatu. Akasema wakubwa wake wameisoma, na kwamba haijawahi kutokea mchoraji akashuhudia dhidi ya picha yake. Uamuzi ni huu: barafu ikiondoka ziwani, mpimaji wao wa ardhi atakwenda na hati yako mkononi. Akikuta athari za kijiji na kaburi kama ulivyoandika, nitapewa kibali. Nikamwomba nakala ya hati. Akasema ni karatasi ya ofisi sasa. Nikasema si kitu, aliyeiandika alikaa kwetu, anajua.

Nikuambie na la shuleni, maana mimi ndiye mpishi wa shule ya misheni. Nakala zile mpya zimefika. Juzi nilikuwa naingiza sufuria ya supu, mwalimu amesimama chini ya picha. "Watoto, hii ndiyo nchi yetu. Mnamwona mtu?" Wote wakajibu, "Hapanaaa!" Na wajukuu wangu wawili wamo, sauti zao nilizisikia. Zamani ningeweka sufuria nikatoka. Juzi nikasema, "Mwalimu, hapo kushoto, kwenye huo ukungu, ndipo nilipozaliwa."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akasema, "Agathe, supu inapoa."

Ikapoa, basi. Nilisimama pale nikawaonyesha nyumba zote tano kwa mwiko.

Nilikuwa na hasira nawe, na nyingine bado ninayo. Lakini nimekwenda nyuma ya kanisa nikamwambia mama kupitia mlango kwamba Bwana Rangi amejibu. Nimeanza kumshonea shuka la safari. Mashua ya shemeji yangu inapakwa lami.

Ahsante.

Agathe

---

Toronto,
12 Mei 1949

Bibi Agathe,

Sherehe ilikwisha na nilisema. Nilisimama mbele ya turubai nikawaonyesha kwa kidole: hapa nyumba, hapa nyumba. Kwanza mtu akacheka kwa upole, kama mnavyocheka babu akisimulia, kisha wakapiga makofi. Gazeti liliandika kwamba mzee wetu bado ana mzaha. Nimejifunza uzeeni kwamba picha ikishakuwa ya taifa watu hawamsikilizi mchoraji wake tena, humshukuru tu. Nilisaidia kuwafundisha watu kuona nchi tupu, na sasa hawawezi kuiona vingine, hata mimi nikiwashika mkono.

Lakini siandiki kwa ajili ya hilo. Barua yako ya Machi imekaa kwangu wiki saba kwa sababu ya sentensi moja: "alikaa kwetu, anajua."

Sijui, Agathe. Kaburi silikumbuki. Uliponiandikia kwamba mama yako anasema nalijua kuliko mgeni yeyote, niliona aibu kukukatalia. Nilifumba macho pale kwa wakili nikalitafuta sikuliona. Nyumba zote zilinijia, hili halikuja. Nikaandika msalaba wa jiwe karibu na maji, chini ya msonobari, kwa sababu makaburi niliyokulia mimi yana misalaba ya mawe. Nilijiambia ni uongo mdogo wa kusaidia kweli kubwa. Nimeapa juu yake.

Nakuomba unieleze lilikuwa wapi na lilikuwaje. Nitaandika hati ya pili siku hiyohiyo na kuituma kwa simu ya maandishi kabla mpimaji hajakwenda. Nijibu upesi.

Ewart

---

Ghuba ya Tessier,
29 Mei 1949

Bwana Lockridge,

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Mpimaji alikwenda tarehe kumi.

Kati ya siku hizo mbili nilikwenda kuchukua kibali nimevaa gauni la kanisani. Bwana Pruitt hakunipa chai. Wala hakunidhihaki, na hapo nikajua. Akasema, "Mama, nilitaka iwe. Nasema kweli, nilitaka." Akanisomea. Mpimaji amekuta mawe ya misingi mitano, milango ilikotazama kama ulivyosema. Amekuta nguzo za gati. Kwa hiyo sasa imeandikwa daftarini kwamba pale paliishi watu. Hilo umelifanya, nami sitakunyima.

Kisha: msalaba wa jiwe hakuna, wala alama yake. Karibu na maji chini ya msonobari amechimba mahali pawili, ni mwamba mtupu, hapawezi kuzikwa hata paka. Hakuna kaburi.

Nikamwambia, "Na ule mti wa gome jeupe, nyuma ya nyumba ya tatu? Alitazama hapo?"

"Alitazama. Amekuta mbao zilizooza." Akageuza ukurasa, akatafuta kwa kidole katika hati yako. "Shahidi amezitaja. 'Kibanda cha kuku, kimo cha goti, chenye tundu moja upande wa magharibi, ambacho nilikitumia kama kiti wakati wa kuchora, na ambapo bibi wa nyumba aliweka makombo kila asubuhi.' Mpimaji ameandika: banda la kuku, linalingana na hati."

Hatukuwahi kufuga kuku, Bwana Lockridge.

Umeniuliza lilikuwaje, nakujibu. Kwetu mtu akizikwa hujengewa kijumba cha mbao juu yake, kimo cha goti, kimeezekwa gome. Upande wa machweo huachwa tundu, roho ipate njia. Mbele ya tundu jamaa huweka chakula. Mama aliweka mkate na sukari ya utomvu wa miti kila alfajiri, kabla hajakukaangia wewe samaki. Ambroise alikuwa mle. Ulimkalia siku kumi na moja, kisanduku chako cha rangi kimefunguliwa juu ya paa lake, na ndiyo sababu mama alisema hakuna mgeni anayelijua kaburi kama wewe. Hakuwa anakukejeli. Aliamini unajua umekaa na nani. Nilikuwa nimekasirika, siku ile ya kwanza, nikamwambia nikakuondoe. Akanishika mkono. "Mwache. Mtoto hajapata mgeni tangu afe."

Ningekueleza katika barua ya kwanza, mstari mmoja ungetosha. Sikukueleza kwa kuwa niliona aibu kumfundisha mtu jambo aliloliona kwa macho yake. Nawe hukuniuliza, kwa aibu yako. Mwenye kulipia aibu zetu mbili amelala nyuma ya kanisa.

Nilimwomba Pruitt niandike mimi hati. Akasema mimi ni mwenye kudai, siwezi kuwa shahidi. Nikasema basi yule bwana aandike upya. Akafunga jalada taratibu. "Ameshaapa, mama. Akiapa kinyume, hata zile nyumba tano zitafutwa."

Kwa hiyo usiandike hati ya pili. Nakuomba sana. Zibaki nyumba.

Tulimzika mama juzi, Ijumaa, hapa misheni, mstari wa nne, kati ya mzee asiyemjua na ua wa seng'enge. Kutoka hapo hadi kwa Ambroise ni mwendo wa siku mbili kwa mashua, na mashua imerudishwa chini ya turubai. Nilijaribu kumwambia kwa nini. Nilifika mlangoni nikashindwa, shemeji yangu akanikalisha kwenye ngazi mpaka walipomtoa.

Padri alitaka msalaba. Nikamwambia auweke kama anataka, ila kijumba nakijenga mwenyewe, na nimekijenga, kwa mbao mpya, na tundu lake upande wa machweo. Kwetu si desturi kuandika kitu juu yake, kila mtu anajua. Safari hii nimeandika. Nimeazima rangi nyeusi ya shule, nikaandika kwenye ubao wa mbele kwa herufi kubwa, za kusomeka na mgeni anayepita mbali: HUMU YUMO MTU.

Agathe Shawanda